Anapasha Joto Mikono ya Watu, ya Mumewe Imemshinda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umekaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga. Nyuma ya kituo cha mafuta, ndani ya kibanda cha mabati, mwanamke amepiga magoti juu ya gunia. Bisibisi ameing'ata mdomoni na mkono wake wa kulia umezama ndani ya pikipiki ya mtu.

Mwenye pikipiki, msambazaji wa maziwa, anarukaruka pembeni huku viganja amevibana kwapani.

"Acha kurukaruka, kaka, unanitia kizunguzungu," fundi anamwambia bila kuitoa bisibisi mdomoni.

Wateja wanamwita Mama Joto. Kazi yake ni kufunga soketi ndogo kwenye pikipiki, karibu na usukani, ambamo mwendeshaji huchomeka glovu au kizibao chenye nyaya za kupasha joto. Umeme hutoka kwenye betri ya pikipiki yenyewe. Mtu wa bondeni akisikia habari hizi hucheka, maana kwake jasho ndilo tatizo. Huku juu mlimani hakuna anayecheka.

"Upepo wa asubuhi huku haupigi, unakata," anasema. "Mwanzoni vidole vinauma. Baadaye haviumi tena, na wewe unafurahi. Hapo ndipo pa kuogopa, maana breki unaishika kwa hivyo hivyo vidole."

Anamaliza kukaza nyaya na kuzizungushia utepe mweusi. Kisha anafanya jambo ambalo hufanya kwa kila pikipiki: anavaa glovu ya mteja mkononi mwake, anawasha injini, na kusubiri. Uso wake hauonyeshi lolote. Joto likishafika, anauzungusha ufunguo kuzima pikipiki, na kitaa chekundu cha soketi kinazima papo hapo. Anaiwasha na kuizima tena, mara kadhaa.

"Mama Joto, si ungeiunga moja kwa moja kwenye betri," msambazaji wa maziwa anabembeleza. "Niwe naota moto hata nikiwa nimezima, nasubiri wateja."

"Nenda kwa fundi mwingine."

"Nakutania, dada'ngu."

"Mimi sitanii."

Mwanamume huyo anapanda pikipiki yake na kuondoka akiwa mpole kama aliyetoka kukemewa na mama mkwe. Mwandishi wa makala haya anauliza kulikoni, ukali wote huo kwa mteja wa asubuhi. Mama Joto anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kwa kweli kinaichafua zaidi.

"Kuna mtu nilishamwekea hivyo anavyotaka huyu," anasema. "Mtu mwenyewe ni mume wangu."

Mumewe husambaza mikate kutoka kiwanda kidogo cha mjini hadi maduka ya huko juu, na kwa hiyo wote wanamwita Mzee Mikate. Pikipiki yake ni kuukuu. Kiki yake ya kuwashia kwa mguu ilivunjika zamani, kwa hiyo betri ikifa, nayo imekufa.

Miaka miwili iliyopita Mama Joto alikuwa fundi wa honi na taa tu. Siku moja akaletewa glovu za umeme za msafiri mmoja, zimeungua waya. Alipozirekebisha na kuhisi joto likipanda kiganjani, mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni mumewe. Akamtafutia glovu kama hizo. Soketi ya kwanza maishani mwake aliifunga kwenye pikipiki ya nyumbani, nayo aliiunga moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia kwenye ufunguo.

"Nilitaka azivae kabla hajawasha, atoke mlangoni mikono ikiwa na joto," anasema. "Mapenzi tu. Mapenzi yalinizidi akili."

Wiki ile ile, Mzee Mikate alifika kwenye duka la mwisho akakuta halijafunguliwa. Akazima injini kuokoa mafuta, akakaa juu ya pikipiki, glovu zikiwa zimechomekwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya kazi ile, mikono haikumuuma. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka, glovu zilikuwa zimeimaliza betri na kupoa, na stata haikutoa hata mlio. Alijaribu kuisukuma pikipiki ili iwake, haikuwaka. Mvua ikaanza. Akaisukuma hadi nyumbani, peke yake, njia nzima.

Alifika jioni hawezi kusema. Nimonia ikamlaza hospitalini hadi watu wakaanza kumtembelea kwa makundi, na watu wakianza kuja kwa makundi, mwenye mgonjwa anaelewa.

Alipona. Lakini mkewe aliacha ufundi, akakaa ndani. Aliporudi kibandani, kazi ya kwanza ilikuwa kuwafuata wateja wachache aliokuwa amewafungia soketi wiki ile na kuzifunga upya bila malipo. Sasa kila soketi ina fyuzi yake na relei, kidude kidogo kinachosubiri ruhusa ya ufunguo ndipo kipitishe umeme.

Biashara si haba. Katika wiki nzuri ya baridi hufunga soketi nane. Jua likitoka anarudi kwenye honi zake, na kuna wiki hapati hata moja. Amechoka, na hafichi. Magoti yanamlilia na macho yanaanza kukataa nyaya nyembamba. Lakini hayo siyo yanayomkosesha usingizi.

Tangu atoke hospitalini, Mzee Mikate amekataa soketi katakata. Huvaa mifuko ya plastiki ndani ya glovu za sufu na kuingia barabarani. Mwezi uliopita alikuta ng'ombe njiani, vidole vikashindwa kuivuta breki, na mikate yote ikamwagika mtaroni, naye pamoja nayo. Daktari aliyemtazama hakupamba maneno: mishipa ya vidole inakufa, ama mikono ipate joto, ama aachane na pikipiki. Na baridi kali yenyewe bado haijaanza.

"Wateja wananitania, kinyozi hajinyoi," anasema. "Wao wanacheka. Mimi kila alfajiri nasikiliza pikipiki ikiondoka, halafu nasikiliza simu kama italia. Nimewapasha watu joto mlima mzima, wangu ananishinda."

Saa tatu inapita ndipo pikipiki yenye kreti tupu inaingia taratibu. Mzee Mikate anashuka, anasalimia kwa kichwa, na kuinyoosha mikono mbele ya mkewe. Naye anamvua glovu, anamfungua vifungo vya koti, kisha anaanza kumsugua kidole kimoja kimoja. Vidole vina rangi ya nta.

"Leo je?"

"Leo afadhali."

"Muongo wewe."

Mwandishi anamuuliza waziwazi: je, haiamini kazi ya mkewe?

Anashangaa, kama aliyetukaniwa mtu wake. "Nani kasema? Hakuna fundi kama huyu. Wenzangu wote nawaleta mimi hapa. Umeshawahi kuona namkataza mtu?"

"Sasa wewe mwenyewe unakataa nini?"

Anamtazama mkewe, kisha anaitazama sakafu. "Hukumuona nilipolazwa. Alikuwa anakaa kwenye kiti kile cha hospitali, hali, halali, ananiambia nisamehe, nisamehe. Nimetoka mimi, yeye akabaki kule kule. Bisibisi hakuishika kwa miezi. Sasa vitu vya umeme ni vitu vya umeme. Siku pikipiki ikigoma tena, hata kama si kosa lake, mimi nitapona. Huyu hatapona. Basi nikasema bora viumie vidole."

Mama Joto ameacha kusugua.

"Miaka miwili," anasema. "Miaka miwili nalala nawaza mume wangu haniamini, kumbe mwenzangu ananionea huruma? Baba watoto, nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Bora univunje moyo ukiwa na vidole. Umesikia? Moyo wangu mimi nitauunga mwenyewe."

Analia bila kujificha, na kwa sababu mikono ina grisi anajifuta machozi kwa bega. Mzee Mikate anataka kumfuta yeye, ila vidole bado havikunjuki, kwa hiyo anamwekea mgongo wa kiganja shavuni.

Mpango unapangwa hapo hapo, wala hauchukui muda. Jumapili mikate haisambazwi. Mama Joto ataivua kiti pikipiki ile, afunge soketi kama anavyowafungia wengine wote, na mumewe atakaa kando akiona kila waya unakoingia. Kisha watapanda wote wawili hadi kwenye duka la mwisho, wazime injini, wakae pale muda ule ule aliokaa yeye, na wawashe.

"Na isipowaka?" mume anauliza.

"Tutasukuma wawili."

Mzee Mikate anafikiri sana, kama mtu anayeijua ile njia hatua kwa hatua.

"Basi wewe utashika upande wa kulia," anasema. "Kushoto kuna utelezi."