Chupa ya Ukutani kwa Murhula

Shemeji yangu Muhigirwa alitangaza kwamba nimekufa, nami nikiwa hai. Ilikuwa siku ya posa ya binti yangu Gasaro, kule Nkanka. Wageni waliuliza mama wa binti yuko wapi, wamsalimie. Muhigirwa, msemaji wa familia, akasimama, akajikohoza, akasema: "Mama yake alifariki." Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, naosha vikombe, na nilimsikia. Hata pombe ya ndizi waliyokuwa wakinywa niliikamua mimi.

Ndiyo, nilikuwa mlevi. Lakini ulevi ule niliupata wapi? Kwetu mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue haina sumu. Muhigirwa ndiye aliyenipa kazi hiyo wiki ya kwanza ya ndoa yangu, akisema bibi arusi mpya ana ulimi safi. Kila mtungi, kila mgeni, miaka kumi na tisa. Mume wangu alipokufa na mikono yangu ikaanza kutetemeka, nikafichwa jikoni. Baada ya posa ile nikafukuzwa kabisa.

Nilishuka Bugarama, nikapata kibarua cha kugeuza mpunga juani kwenye uwanja wa kinu. Asubuhi moja mwenzangu wa kazi, Odette, akaninusa.

"Maman Gasaro, leo tena umeanza na chupa mbele ya chai?"

"Wewe ni polisi?"

"Mimi nilikuwa nakunywa kukupita! Sikia. Kuna batu banakutanaka kila siku ya ine, saa kumi, kwa Murhula, nyuma ya kinu. Bote ni balevi ba zamani. Wende. Lakini usiende umekunywa."

Siku hiyo ya ine, Alhamisi, sikugusa pombe tangu kuamka. Kufika saa nne reki ilinidondoka mara mbili. Saa nane nilikuwa natoka jasho ambalo halikuwa la jua. Kila nilipomaliza mstari mmoja wa mpunga nilijiambia, bado mmoja. Saa kumi Odette alikuwa bado yuko zamu kwenye mashine, kwa hiyo nikanawa miguu, nikafunga kitenge changu kizuri, nikaenda peke yangu.

Nikafika, na nikaona nini? Nyumba ya matofali, na ukutani imechorwa chupa ya bia, ndefu kuliko mimi, povu likimwagika. Chini yake kulikuwa na maneno, lakini wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Ndani watu walikuwa wanacheka kwa sauti.

Odette kanichezea, nikasema. Kanileta kabare, kilabu cha pombe!

Koo lilinivuta kuingia, naapa. Nikaigeuza miguu kwa nguvu, nikakimbia kurudi barabarani, kitenge nimekishika kwa mikono miwili, mwanamke wa miaka arobaini na saba.

Nyuma yangu nikasikia mtu anahema.

"Maman! Simama! Mimi ni munene, utaniua!"

Alikuwa mwanamume mwenye tumbo, kikombe mkononi, uji umemmwagikia shati lote. Ndiye Murhula mwenyewe, aliyewahi kuendesha malori ya saruji pale Muganza.

"Unakimbia nini?"

"Ile chupa! Mimi natafuta watu walioacha pombe. Kabare nazijua zote, sihitaji kuonyeshwa nyingine."

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika magoti. Akanirudisha hadi mlangoni, akapaza sauti: "Bandugu! Huyu ameona chupa, akakimbia!"

Nyumba nzima ikasimama. Nikaelezwa kwamba ilikuwa kabare kweli, ya Murhula. Alipoacha pombe aliiacha picha makusudi. Walevi huingia wakiifuata, wanaketishwa, wanaletewa uji wa mtama. Yale maneno ya chini yanasema: Hapa tumeacha.

"Mimi niliingia kuomba moja ya baridi," akasema mzee mmoja mwenye kofia. "Huu ni mwaka wa tatu, bado sijaletewa!"

"Papa, vumilia, iko njiani!" wakamjibu wote.

"Bote humu banaingiaka kwa kufuata chupa," akasema Murhula. "Wewe ndiye wa kwanza kuikimbia."

Wakanipigia makofi. Mimi! Nilisahau hata mikono yangu inatetemeka. Murhula akachota uji, akauonja mbele yangu, kisha akanipa kikombe kilekile. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kunionjea. Nikanywa chote. Nikasimama bila kuitwa nikasema: "Mimi ni Mukakalisa, na niko hai!" Nilipiga kelele kana kwamba nauza samaki, wakapiga kelele nao.

Sasa ni miezi kumi na moja. Sijakosa Alhamisi hata moja, na kwa kuwa tangu siku ile wengine nao wameikimbia chupa, tumeweka zamu ya kuwafuata barabarani; mwezi huu ni yangu.

Murhula hunihimiza nisamehe. Namjibu kwamba pombe nimeiacha, hasira bado naitumia. Gasaro simdai neno. Siku ya posa binti hukaa ndani, hakusikia nikitangazwa mfu. Muhigirwa ndiye ninayemdai. Asimame Nkanka mbele ya wakwe walewale, mimi nikiwa nimeketi kiti cha mbele, aseme kwamba mama wa Gasaro hakufa, na kwamba aliyempa kikombe cha kwanza cha pombe ni yeye Muhigirwa.