Miguu Yangu Chumbani kwa Mama Mkwe

Jamani, aibu niliyoipata ukweni siwezi kumwombea hata adui, na ningeenda nayo kaburini kama mke wangu Yustina asingekuwa anaisimulia kila akikaa na watu, tena kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo acheni niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti pale Kizota, naishi Chang'ombe, na mwili wangu (Mungu ashukuriwe) si mdogo. Ukweni kwangu ni upande wa Mvumi, na mama mkwe anaishi kwenye tembe alilolikuta alipoolewa, ile nyumba ndefu ya Kigogo inayokunja kona kulizunguka zizi, fupi hadi nikiingia nainama, kuta za miti na udongo, na juu paa bapa la magogo, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa.

Sasa shemeji yangu Ndahani, mtoto mkubwa wa mama, alikuwa ameshaleta mabati, yamepangwa kando ya ua, anasubiri mvua ziishe abomoe ajenge ya kisasa. Mama hataki. "Humu nimezalia wote, na nitatolewa humu humu." Ikaja habari kwamba watu wa mambo ya kale wanapita vijijini kutafuta matembe ya zamani ya kuhifadhiwa, na Jumamosi watafika kwetu. Ndahani akamwambia mama kwa upole, "Wakiikubali, mabati nauza. Wakiikataa nabomoa, na usininunie." Basi nyumba ya mama ikawa inaning'inia kwa siku hiyo moja.

Jumamosi tukawahi kufika. Yustina aliniambia neno moja tu, "Wewe kaa hapo kwenye kigoda, usijishughulishe." Nikakaa. Ila macho hayana pazia, nikatazama juu, nikaona majani yameota paani kwa sababu ya mvua, na mtama uliomwagika wakati wa kuanika nao umechipua, umesimama kama shamba la mtu! Nikajisemea, wageni wakiona hivi watadhani nyumba imetelekezwa, ngoja ning'oe haraka haraka. (Hakuna aliyenituma. Hilo mlikumbuke.)

Nikapandia kwenye boma la zizi hadi paani. Majani yaling'oka vizuri, lakini ule mtama ulikuwa na mizizi yake, nikaushika kwa mikono miwili, nikatanua miguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote za Kizota, udongo wenyewe umelowa, mara nikasikia kwaa! Haukuwa mtama. Nikazama mpaka kiunoni, na kilichonizuia nisipite mzima mzima ni tumbo.

Kwa msiojua, kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Sijawahi kula mbele yake, hata salamu tulikuwa tunatumiana kupitia kwa Yustina, na chumba chake cha kulala sikuwahi kukaribia hata mlango. Na chumba kilichokuwa chini yangu, ndugu zangu, ndicho hicho, naye yumo ndani anajiandaa kupokea wageni. Kiatu kimoja kikanivuka, nikasikia huko chini, "Yesu wangu!" Suruali nayo ilinasa kwenye ufito ikachanika, kuanzia wapi sitasema.

Hapo ndipo gari la wageni lilipoingia. Akashuka mama mmoja mtu mzima mwenye kofia pana, na wenzake wawili. "Mbukwenyi!" akasalimu, akitafuta mwenyeji, akanikuta mimi juu, nusu mtu. Ningemjibu nini? Nikasema, "Karibuni."

Ndahani akaja mbio. "Shemeji, unafanya nini huko?"

"Napalilia."

Majirani wakajaa, ukaanza mjadala. Wakipanda kunivuta, paa lote litamwangukia mama. Nikishuka, nimeingia chumbani kwa mkwe wangu kweupe, mbele ya serikali. Mmoja anasema hivi, mwingine vile, na gogo linalia kwa uzito wangu. Nikatamani kulia nalo.

"Nyamazeni nyote!" Ilikuwa sauti ya mama kutoka ndani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe, akasema na mimi moja kwa moja. "Baba, nimegeukia ukutani, sioni kitu. Nimekufudikizia kinu hapo, kitafute kwa mguu. Khanga iko kitandani, ujistiri."

Nikakipata kinu, nikashuka na kifusi changu, nikajifunga khanga. Mama kaelekea ukutani, mabega yanatikisika. Roho ikaniuma nikidhani analia, kumbe anacheka.

Nje, yule mama wa kofia hakucheka (wenzake walimsaidia). Aliingia, akalitazama shimo, akatoka akauliza, "Hili nani ataliziba?"

Nikamwona Ndahani anayatazama mabati yake, nikajua nimeibomoa nyumba ya mama kwa tumbo langu. Mama alikuwa ameshatoka. Alimwangalia tu mwanawe. Ndahani akainama, halafu akavua shati.

"Nileteeni shoka."

Akakata gogo na majirani, akapanga fito, mimi nikakanyaga udongo na samadi nikiwa na khanga ya mkwe wangu kiunoni, na kabla jua halijazama paa lilikuwa limefunga. Ndahani alikuwa anashindilia huku machozi yanamtoka. "Mara ya mwisho nilishindilia na baba," akasema. "Nilidhani nimesahau."

Yule mgeni hakuondoka mpaka mwisho. Akamwambia mama, "Matembe tumeyaona mengi. Tulikuwa tunatafuta lenye watu wa kulitengeneza." Wakaikubali. Mabati yakauzwa.

Siku hizi ukweni nakaa nilipoambiwa, mikono mapajani, na nimeapa mbele ya Mungu na Yustina kwamba sitanyanyuka bila kutumwa. Lakini nikifika, mama akiwa ndani kwake na mimi nje, ukuta katikati yetu, hamtumi mtu tena. Ananiuliza mwenyewe, "Baba, umekuja salama?" Na mimi, mtu mzima na tumbo langu, namshukuru Mungu kila mara kwamba nilianguka pale, wala si chumba kingine kisicho na mtu.