Senene Walioshuka Kwenye Simu

Mwalimu Salvina ni Muhaya wa Muleba, kule ziwani, na hilo halikuhitaji kutangazwa. Siku aliposhuka Nyaishozi na begi lake, aliwaamkia watu kwa Kiswahili kilichonyooka kama kamba ya seremala, kisha akauliza ni wapi wanapika samaki. Watu wakatazamana. Samaki! Katika nchi ambayo mkungu mmoja wa ndizi hubebwa na watu wawili, na wa tatu hutembea pembeni akiusifu!

Lakini tusimseme sana. Mwaka haukuisha kabla hajawa na migomba yake nyuma ya nyumba za walimu. Aliipogoa, akaitandazia nyasi, na siku alipokata mkungu wa kwanza alipita nao sokoni polepole mno, akisimama kila penye watu, kana kwamba amesahau njia ya kwake. Hapo wazee wakasema: huyu sasa ni wetu, amejifunza kujisifu. Wengine wakasema kujisifu alikuja nako kutoka Muleba. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Anafundisha Kiswahili na Uraia katika sekondari ya kata, kando ya barabara. Kilichompa jina, hata hivyo, si vipindi hivyo. Ni klabu yake ya Alhamisi jioni, ya kuwafundisha watoto namna ya kupokea na kupeleka habari mitandaoni. Ukisikia hivyo utadhani kuna kompyuta zimejipanga darasani kama askari. Hakuna hata moja. Simu zenyewe wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo shuleni. Salvina aliomba boksi kubwa la sabuni dukani kwa Polikarpi, akalikata dirisha mbele, akalipaka masizi, likawa simu.

Inavyotumika ni hivi. Mwanafunzi mmoja hulivaa boksi kichwani, uso wake ukitokeza dirishani, naye ndiye anakuwa ujumbe. "Sambaza haraka!" atapiga kelele. "Ukinywa majivu ya majani ya mgomba, malaria hutaiona milele!" Darasa zima humgeukia: "Nani kaona? Lini? Wapi?" Akijibu sawasawa, hupitishwa dawati hadi dawati kwa heshima. Akianza kigugumizi, wanapiga meza: "Zima! Zima!" na boksi linavuliwa. Hata watoto wa mpira wa pete waliacha mazoezi ili waje kuzima.

Maswali hayo matatu hakuyatoa chuoni.

"Nyumbani kwenu mgeni akiingia mnamuuliza nini?" huwauliza.

"Amakuru!" hujibu kwa Kinyambo, yaani habari gani.

"Na akisema ng'ombe wa jirani kafa, bibi yako anakubali tu?"

"Hakubali! Anauliza nani kaona!"

"Basi bibi yako ana akili kuliko simu yako. Na ukigundua aliyeleta habari amekosea, unamwanika barabarani?"

"Hapana, mwalimu. Unamfuata kwake."

Aliyekuwa hodari wa boksi kuliko wote ni Noela, binti wa kidato cha pili kutoka kata jirani ya Igurwa, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Sasa ikaja Novemba, mwezi ambao watu wa Kagera hulala sikio moja likiwa wazi. Ni msimu wa senene. Kwa asiyetoka huku, senene ni wale panzi wa kijani wanaoshuka na mvua za vuli, wakajaa kwenye majani kama wamemwagwa kwa gunia. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na anayesema hawapendi ama hajawala ama anataka umwachie sahani. Na desturi ni desturi: mke akirudi na senene, mume anamnunulia nguo mpya. Ndiyo maana wanawake wa huku hawasubiri kuamshwa.

Alfajiri moja kabla jua halijachomoza, video iliingia kwenye simu ya Mzee Byabato. Huyu ni mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu wa kahawa nyingi na maneno mengi kuliko kahawa. Mtumaji alikuwa mwanawe Winston, aliyeko Bukoba. Video ilionyesha barabara ya Igurwa, nyasi zote zikitambaa kwa senene, na watu wakizoa kwa mikono miwili. Byabato hakumaliza hata kuvaa shati. Aliitupa kwenye kundi la wasapu la wazazi na kuandika kwa herufi kubwa: SENENE WAMESHUKA IGURWA. AMKENI NINYI WALALAJI.

Ndugu zangu, Nyaishozi ilihama. Polikarpi aliacha sukari kwenye mizani na mteja mlangoni. Bodaboda zilibeba watu, ndoo, magunia, na bibi mmoja aliyebeba chandarua. Wanafunzi nao wakajiunga, kengele ya shule ikamlilia mlinzi peke yake.

Walipofika Igurwa wakatapakaa majanini. Watu wa Igurwa, waliokuwa wamelala zao, wakachungulia madirishani. Hawakuwa wameona senene hata wa dawa. Lakini wakasema: watu wa Nyaishozi hawawezi kutoka na ndoo bure. Nao wakachukua ndoo. Watu wa Nyaishozi walipowaona wakapata moyo: "Si mnaona? Hata wenyeji wametoka!" Kila upande ukawa shahidi wa mwenzake. Mtu akapiga simu kata ya Rugera kwamba umati ni mkubwa, hivyo senene wapo, na kabla umande haujakauka Rugera nayo ikafika na ndoo zake.

Jua lilipotoka vizuri liliwakuta watu wa kata tatu wamesimama majanini na vyombo vitupu, na ng'ombe mmoja akiwatazama kama mkaguzi.

Mke wa Byabato, mama Kokubanza, alirudi nyumbani gauni limelowa mpaka magotini.

"Baba Winston, kitenge changu."

"Senene wako wapi?"

"Umewaweka wewe kwenye simu. Miguu yangu imelowa kweli, si ya simu."

Byabato akacheka, akatafuta picha ya kitenge chekundu mtandaoni, akamtumia. "Haya, vaa!"

Mama Kokubanza akaingia jikoni na simu yake. Mchana Byabato alipotoka shambani na njaa yake, akakuta meza nyeupe. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa picha ya sufuria la ndizi na maharage, moshi ukifuka, na chini yake neno moja: Kula.

Mwanaume mwenye njaa hutafuta mkosaji, na hamtafuti kwake. Byabato aliitazama ile video tena, akaona barabara ya Igurwa, akamkumbuka Noela wa Igurwa, akakumbuka boksi. Basi! "Ni wale watoto wa boksi," akatangaza kwenye kundi. "Wanafundishwa kutengeneza uongo, wakamfikishia mwanangu huko Bukoba. Jumamosi kwenye kikao cha wazazi klabu inafungwa, na huyo binti anaadhibiwa."

Mkuu wa shule, Mwalimu Ambrose, alimwita Salvina ofisini. Ni mtu mwema, ila uti wake wa mgongo ni wa jani la mgomba: unasimama mpaka upepo uje.

"Mwalimu, mzee amekasirika. Mimi sina la kusema."

"Wewe ndiye mkuu wa shule."

"Ndiyo maana sina la kusema."

Salvina akatoka. Mshahara asingepoteza, na cheo hakuwa nacho. Lakini alimwona Noela amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa, wenzake wakimpita mbali kama sufuria ya moto, na akajua klabu ikifungwa, mtoto huyu atatembea na jina la mwongo mpaka aolewe. Akaketi pembeni yake na kumwonyesha video.

"Tuulize maswali yetu. Unaona nini?"

Noela aliangalia huku akifuta kamasi. Ghafla akaanza kucheka.

"Mwalimu! Huo mkaratusi!"

Nyuma ya wazoa senene ulisimama mkaratusi mnene, ukiinamia barabara.

"Una nini?"

"Ulianguka masika! Ulilalia barabara, hata basi la Bukoba likashindwa kupita. Sasa hivi pale ni kisiki tu. Hii video ni ya mwaka jana."

Damu ya Muleba ikamchemka Salvina. Akajiona Jumamosi mbele ya wazazi wote, akiinua simu juu, mzee Byabato akijikunyata kama senene aliyenyofolewa mabawa. Akaanza hata kupanga maneno kwa sauti.

"Lakini mwalimu," Noela akasema taratibu, "si tunamfuata kwake?"

Salvina akafunga mdomo. Ni vibaya kufundisha vizuri. Siku moja wanafunzi wanakukumbusha.

Ijumaa jioni wakaenda. Byabato alikuwa uani, kwenye benchi jipya lililonukia mbao. Noela akapiga goti, akamwita baba kwa Kinyambo: "Shikamoo tata."

"Marahaba." Kisha kwa Salvina: "Mmekuja kuomba msamaha?"

"Tumekuja kuuliza amakuru, mzee."

Ukiulizwa amakuru nyumbani kwako huwezi kumfukuza mtu. Mama Kokubanza akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kila mtu akachukua punje zake, wote wakaketi kwenye lile benchi.

"Benchi zuri," Salvina akasema.

"Zuri?" Byabato akavimba. "Mbao kama hizi hupati. Ni ule mkaratusi wa Igurwa ulioangushwa na upepo masika. Watu waliugombea! Nikawazidi wote. Hapa atakaa mjukuu wa mjukuu wangu."

Noela akatafuna kahawa yake kwa nguvu sana, macho chini.

"Mzee," Salvina akasema, "ile video bado unayo? Mimi mgeni, nataka unionyeshe Igurwa vizuri."

Byabato akaifungua kwa fahari. "Hii barabara. Hii nyumba ya katekista. Na huu hapa ni mkara..."

Akaitazama simu. Akalitazama benchi. Akanyanyuka kidogo, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa, akaketi tena. Mama Kokubanza, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajifunika mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika.

"Baba Winston," akasema alipoweza, "mti umesimama Igurwa na huku umeukalia?"

Byabato alitafuna punje nne kabla ya kusema. "Nendeni. Tutaonana kikaoni."

Salvina hakujua hilo ni jibu la namna gani. Jumamosi aliingia ukumbini na boksi lake chini ya kwapa, kama mtu aliyekuja kulizika. Wazazi walijaa. Noela alikaa mbele, magoti yamebanana. Mwalimu Ambrose alitazama dari, kana kwamba huko ndiko waliko marafiki zake.

Byabato akasimama na kofia yake.

"Waliokwenda Igurwa juzi, mikono juu."

Hakuna mkono.

"Polikarpi, sukari yako iliibwa ukiwa wapi?"

Kicheko. Mikono ikaanza kuota mmoja mmoja, ukumbi mzima.

"Vizuri. Nani kati yenu aliuliza ile video ni ya lini?"

Mikono yote ikashuka.

"Hakuna! Basi nisikilizeni. Mimi Byabato, kwa kidole hiki kimoja, niliamsha kata tatu! Kengele ya kanisa haijawahi! Ngoma haijawahi! Na niliwaamsha kwa senene wa mwaka jana, waliokwishaliwa na kusahauliwa!" Akakohoa. "Nilisema ni kazi ya watoto. Si kazi ya watoto. Aliyenisahihisha ni huyu binti wa Igurwa, akisaidiana na benchi langu. Noela, nilikukosea. Mwalimu, lete hilo boksi."

Salvina akalipeleka. Mwenyekiti akavua kofia, akalivaa boksi. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko vya kidato cha pili. Boksi likalia kraa! pembeni, lakini uso ukatokeza dirishani, ndevu kwanza.

"Senene wameshuka Igurwa!" akanguruma.

Watoto waliokuwa wamejipanga ukutani hawakusubiri ruhusa. "Nani kaona?"

"Mwanangu Winston!"

Noela akasimama, sauti yake ya kuamsha kijiji ikarudi. "Winston alikuwa Igurwa?"

"Alikuwa Bukoba. Kalala."

"Zima!" Ukumbi ukapasuka. "Zima! Zima!" Bibi mwenye chandarua alipiga meza kuliko watoto wote.

Hakuna aliyekumbuka kupiga kura ya kufunga klabu. Wakauliza tu kama wazazi nao wanaweza kuja Alhamisi, na Mwalimu Ambrose, kwa kuwa upepo ulikuwa mzuri, akasema yeye siku zote aliunga mkono.

Byabato alikuwa bado anahangaika kulivua boksi pale mama Kokubanza aliposimama nyuma ya ukumbi.

"Na mimi nina habari yangu, Baba Winston! Kitenge! Lini? Wapi?"

Boksi likayumba. Kisha ikatoka sauti ndogo, si ya mwenyekiti kabisa:

"Jumatatu. Sokoni."

"Na nani ataona?" ukumbi mzima ukauliza.

"Wote! Njooni wote mwone!"

Walikwenda. Kilikuwa chekundu, kama kile cha kwenye picha. Alhamisi iliyofuata mama Kokubanza alikuja nacho klabuni, akaketi mstari wa mbele, na Polikarpi akaleta boksi jipya, kubwa kuliko la kwanza, akaandika juu yake kwa mkaa: Saizi ya Mwenyekiti. Noela ndiye aliyelivaa. Lilimfika mpaka kiunoni.