Siku Mablanketi ya Posa Yalipolinyima Gari Langu Hewa

Hili naliweka wazi mwenyewe kwa sababu mtalisikia tu, na mkilisikia kwa shangazi yangu mtadhani nilifanya makusudi: mimi ndiye niliyewabwaga kwenye tope wajomba wawili wa binti tuliyekwenda kumposa, pamoja na baba yangu mdogo aliyevaa suti na mdogo wangu mwenye posa, mbele ya geti la wakwe, na niliwabwaga kwa gari lisilotoa hata mlio. Aibu ya siku ile bado ninayo. Lakini gari lisitukanwe, gari halikuwa na kosa.

Ni gari dogo la haibridi, yaani lina injini ya petroli na lina betri kubwa kule nyuma, na vinapokezana vyenyewe bila kukuuliza. Nililinunua kwa jasho la saluni yangu pale Kijenge, wakati kila fundi wa mtaani ananiambia dada, hayo magari siyo ya kwetu, betri ikifa utalia. Sikulia. Nilisoma, nikauliza, nikajua. Oili naweka ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake, siyo ya kukisia, na pembeni ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, kuna tundu lenye wavu ambalo betri inavutia hewa ya kujipoza, basi tundu lile nalisafisha mwenyewe kwa brashi, maana vumbi la Arusha mnalijua. Nikimpa mteja lifti nikamwona anaegemeza mkoba pale, namwambia shosti, toa, hapo ndipo gari linapumulia. (Saluni wananiita Mama Betri. Naitika.)

Sasa mdogo wangu Elibariki akapata mchumba, Upendo, kwao ni kule juu ya Usa River, mlimani kwenye kahawa na migomba, na baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Mara ya kwanza kupeleka posa tulikodi gari, likapata pancha, tukafika watu wameshakula na kuosha vyombo. Mwalimu hakugomba. Alitupa chai, akatuambia turudi Jumamosi inayofuata, saa nne kamili asubuhi, na tukichelewa tena ataelewa kwamba binti yake hatumtaki kwa dhati na mazungumzo yaishie hapo. Elibariki usiku ule hakula, na yule ni mtu wa kumaliza sufuria. Ndipo mimi nikasimama kwenye kikao cha familia, hakuna aliyeniomba, nikasema twende na langu, halijawahi kunilaza njiani.

Mzigo wenyewe wa posa ulikuwa mablanketi na mashuka, yamefungwa pamoja kwa kanga mpya, na kwa baba mdogo Anaeli (ndiye msemaji wetu, na anaupenda huo usemaji) mzigo huo ukishafungwa nyumbani haufunguliwi wala haugusi chini mpaka upokelewe kwa mikono ya wakwe. Kwenye buti kulikuwa na ndoo za pombe ya ndizi, nikaona mablanketi yatanuka, baba mdogo naye akasema mzigo ukae kwenye kiti kama mtu. Nyuma kulikuwa na Elibariki na shangazi Ndeshi, na shangazi Mungu alimpa mwili. Kwa hiyo ili shangazi akae vizuri nikausukuma mzigo kulia kabisa, nikaukandamiza mpaka ukatulia. Tundu nililiona, jamani. Nililiona kwa macho yangu haya. Nikajisemea moyoni, si ni hapa na Usa tu?

Mpaka Usa River nilikuwa naongea mimi peke yangu. Baba mdogo akashtuka, akauliza, "Mbona kimya, limezima?" nikamwambia baba, hapa tunatembea kwa betri, mafuta yamepumzika, nikaona nimemweza. Tulipoacha lami tukaanza kupanda, udongo mwekundu umelowa mvua ya alfajiri, watu wanne, ndoo, mablanketi, na gari linapanda vizuri tu mpaka shangazi aliponiambia, "Mama Neema, huku nyuma kuna kitu kinavuma." Ilikuwa feni ya betri, inajitahidi kuvuta hewa inakutana na blanketi. Nikajua papo hapo. Taa ya onyo ikawaka, nguvu zikaisha, nakanyaga mafuta gari linasogea kwa kuburuza, na mwisho likagoma kabisa, geti la mwalimu tunaliona pale juu.

"Mzigo utoke hapo," nikasema. "Gari linakosa hewa."

"Utoke uende wapi?" baba mdogo akauliza.

"Hata chini."

"Posa ikae chini, kwenye tope? Wewe una akili timamu?"

Shangazi hakusubiri tumalize. Akashuka, akajitwisha mzigo kichwani, akaanza kupanda kilima taratibu na viatu vyake vya kanisani. Dawa ilikuwa ni kusubiri betri ipoe, hilo nalijua hata usingizini, lakini muda wa kusubiri tungeutoa wapi? Nikasema basi twende kwa miguu, baba mdogo akakataa, hatuingii ukweni tumebeba ndoo kama tunatoka kisimani, na pombe haiachwi barabarani. Elibariki akaja dirishani kwangu. Hakupaza sauti. "Dada," akasema, "nikimkosa Upendo kwa sababu ya gari lako, sijui kama nitaweza kukusamehe."

Wakasukuma. Baba mdogo na suti yake ya kijivu, Elibariki na shati jeupe, mimi nimeshika usukani nimeweka gia huru, nafanana na bibi harusi asiyetakiwa. Kule getini watu wakatuona, wakashuka wajomba wawili wa Upendo, wanaume wa maana, wamevaa makoti, wakasalimia kwa adabu zote, kisha nao wakaweka mabega. Wanne wakawa wameinama nyuma ya gari wanahesabu moja, mbili, tatu. Tukafika hatua chache kutoka getini, na mimi macho kwenye dashibodi, nikaona ile taa ya onyo imezimika. Betri imepoa.

Sasa mtu mwenye akili angepiga honi, au angetoa kichwa akasema jamani pisheni. Mimi furaha ilinipanda, nikaweka gia, nikakanyaga. Gari likaondoka bila mlio wowote, wao wakiwa wameliegemea kwa uzito wao wote. Nilisikia tu puu, halafu puu nyingine. Kutazama kioo, wote wanne wako chini, baba mdogo kifudifudi, tai imezama, na shangazi Ndeshi kasimama kando na posa yake kichwani, safi, haina hata tone.

Mwalimu alikuwa getini ameona yote. Akanisogelea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Limeharibika?"

"Hapana baba. Mablanketi yenu yaliliziba pumzi."

Akaangalia saa yake. Akaangalia shemeji zake wanavyokung'uta makoti. Akamtazama sana Elibariki, aliyekuwa bado kwenye magoti, anahema, tope mpaka kwenye kope. Mimi nilitamani ardhi ifunguke. "Saa nne imepita," mwalimu akasema. "Ila mara ile mlichelewa mmekaa kwenye viti. Leo mmechelewa mnasukuma. Huyu kijana anamtaka kweli." Akamshika mkono akamwinua. "Ingieni mkanawe."

Nililia palepale kwenye usukani. Baba mdogo alizungumza posa nzima akiwa amevaa koti la kuazima kwa mwenye nyumba, na alizungumza vizuri kuliko siku zote.

Gari ninalo, siliuzi, na betri ni ileile, mafundi wa Kijenge waendelee kusubiri. Mzigo kwenye kiti cha nyuma ndio sipakii tena, hata posa ya mwanangu itatafuta usafiri wake. Siku ya harusi Upendo alikataa magari ya kukodi, akasema atapanda lile ambalo mume wake alilisukuma mpaka kwao. Akaingia nyuma na shela yake ndefu inamwagika upande wa kulia. Nikamwambia wifi, umependeza sana, Mungu awabariki, ila hiyo shela ipakate.