Mlango wa Dakota Ulikuwa Upande Gani

Nimefundisha fizikia Bunda kwa miaka mingi, na starehe yangu kubwa ilikuwa ndege za zamani. Wenzangu wa ofisini walikuwa na mpira. Mimi nilikuwa na michoro ya injini na orodha za ndege zilizoruka Afrika Mashariki kabla sijazaliwa. Nilizitafuta kwenye intaneti na kuzihifadhi mpaka simu ikagoma kupokea kitu kingine. Kwa mkono wangu sikuwahi kugusa hata ndege moja.

Tulikuwa na kundi kwenye simu, watu kama thelathini, wengi wa Musoma na Bunda na wachache waliohama mkoa wa Mara siku nyingi zilizopita. Tulitumiana picha, tukabishana. Aliyeniingiza humo ni fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Iringo, Musoma, mama ambaye marehemu baba yake alikuwa mpiga picha mjini humo. Yeye ndiye pia aliyemleta mzee wa Butiama.

Mzee huyo alifanya kazi uwanja wa ndege wa Musoma ujana wake wote, enzi uwanja ulipokuwa wa udongo. Kuandika kwenye simu kulimshinda, akawa anatuma sauti, binti yake akimshikia. Nyuma ya maneno yake ulisikia kuku, na mara nyingine mtu akitwanga. Alisimulia walivyokimbizana na ng'ombe ili ndege ipate pa kutua, na abiria walioteremka wamelegea kwa misukosuko ya angani, wakaenda kukaa chini nyasini kabla hawajauliza mizigo yao. Dakota, ndege ya injini mbili yenye gurudumu dogo mkiani, ndiyo aliyoipenda. Alisema ikiwa chini inakaa imeinua pua, rubani haoni mbele, anachungulia dirishani kukutafuta wewe unayemwongoza kwa mikono. "Alikuwaga ananitegemea mimi," alisema, na ungejua kwamba anatabasamu.

Jumapili moja alisimulia namna ngazi ilivyopelekwa mlangoni, akasema mlango wa Dakota ulikuwa upande wa kulia.

Mimi nilijua uko kushoto. Ningeweza kunyamaza, au kumpigia simu pembeni. Badala yake nilitafuta mchoro, nikauwekea mshale mwekundu, nikauweka mbele ya wote na kuandika: "Mzee, umri umeanza kukuchanganya. Dakota za huku zote mlango ulikuwa kushoto." Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Mmoja akaandika kwamba mwalimu ameshasahihisha, mwanafunzi arudie mtihani. Na mimi nikacheka.

Jioni ile ile mzee alituma sauti fupi kuliko zote. "Sawa mwalimu. Labda nimesahau."

Hakutuma nyingine. Baada ya wiki kadhaa jina lake halikuwemo tena kwenye kundi. Sikuuliza. Nikiwa mkweli, nilikuwa nimeridhika. Nilidhani nimeilinda historia isiharibiwe.

Ilipita karibu nusu mwaka. Yule mama fundi alikuwa anahamia Bweri, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo, na katika kufungasha akakuta sanduku la picha za baba yake. Aliniita nimsaidie kutambua zenye ndege. Nilikwenda Jumamosi, tukaketi sakafuni kati ya majora ya vitambaa. Picha nyingi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, ukizibandua uso wa mtu unabaki kwenye picha nyingine.

Moja ilikuwa salama. Ni Dakota imeelekeza pua kwetu. Mbele yake kijana amesimama, ametugeuzia mgongo, mikono yote miwili juu. Watu wawili wamebeba ngazi, wanaipeleka mlangoni, nao wanapita upande wa mkono wa kulia wa yule kijana.

"Ni yule mzee wetu," mama fundi alisema. "Baba alinionyeshaga."

Niliitazama muda mrefu. Kushoto kwa ndege ni kulia kwa mtu aliyesimama mbele yake. Kila Dakota iliyotua Musoma aliitazama usoni, na kila mara ngazi ilipita mkono wake wa kulia. Ni jambo ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angelieleza ubaoni. Nilimwambia mama fundi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba niende Butiama mapema, afya ya mzee si nzuri.

Sikwenda mapema. Nilijiambia kuna mitihani ya kusahihisha, halafu mvua, halafu msiba wa jirani. Wiki tatu zikaisha. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka uani, anapukuchua mahindi taratibu. Nilimwamkia, akaitikia, akamwita binti yake aniletee kiti. Nilimpa ile picha. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu mimi," alisema.

Nikamweleza kosa langu lote, bila kujitetea, nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku akiendelea kupukuchua. Nilipomaliza, aliweka gunzi pembeni.

"Mwalimu, mimi sikuwa nagombania mlango. Ungeniuliza tu nilikuwa nasimama wapi."

Nilimwomba arudi kwenye kundi. Nilisema nitaandika mwenyewe kwamba nilikosea, watu wote wasome. Akatikisa kichwa kukataa.

"Sikukasirika," alisema. "Ila sasa nikitaka kusema kitu, najiuliza kama ndivyo kilivyokuwa. Zamani nilikuwaga sijiulizi."

Nilijaribu kumuuliza habari za uwanja pale pale. Kila swali alilijibu kwa kusema hana hakika. Nilimtajia rubani mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametusimulia habari zake, akasema inawezekana, pengine mimi ndiye ninayejua zaidi. Hakunikejeli, hilo ndilo lililoniumiza. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, tukazungumzia mvua za msimu ule. Nilipoaga, alinirudishia picha. Nilimwambia ni yake. Akasema nikae nayo mimi ninayezielewa ndege.

Niliandika kwenye kundi usiku ule, maelezo marefu. Watu watano walijibu, mmoja kwa kidole gumba. Halafu mtu akatuma picha ya ndege ya kivita, mazungumzo yakaelekea huko.

Mzee alifariki masika ya mwaka uliofuata. Mama fundi ndiye aliyenipigia. Tulisafiri naye mpaka Butiama, tukafika ibada ikiwa imeshaanza, tukasimama nje na majirani. Ilinyesha mvua nyembamba isiyoisha, na udongo wa kaburi ulikuwa mzito, wachimbaji wakipokezana. Katika wasifu wake walisoma kwamba alikuwa mkulima, mfugaji, mzee wa kanisa. Kazi ya uwanjani ilipewa sentensi moja.

Baada ya chakula binti yake alinifuata nilipokuwa nakunja kiti. Alisema yeye alimshikia baba yake simu siku zote zile, lakini akili yake ilikuwa kwenye sufuria na watoto, hakusikiliza sana. Na simu ile iliingia maji, kila kitu kilipotea. Mimi nami zile sauti nilishazifuta, nipate nafasi ya michoro.

"Mwalimu, wewe ndiye unajua hayo mambo," alisema. "Baba alikuwa anafanya nini hasa pale uwanjani?"

Nilimwambia alikuwa anaziongoza ndege zilipotua, zijue pa kusimama, na kwamba marubani walimtegemea. Nikamweleza habari ya ng'ombe. Nikamweleza na ya abiria walioketi nyasini, na hapo yakaniishia.

Aliitikia kwa kichwa, akajifunga khanga vizuri, akabaki amesimama, akisubiri niendelee.