Keji Watano Katika Picha Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya picha mjini Arua, Uganda, Mkurugenzi alinipa kamera na sheria yake: "Picha ikitoka, futa. Kadi iko mbili tu hapa." Kadi ni kile kidude kidogo kinachohifadhi picha ndani ya kamera. Niliitikia kama mtu yeyote mwenye shida ya kazi. Leo nimestaafu, na sheria ile bado inanichoma.

Nilipiga harusi na mahafali hadi vijiji vya jirani, Inde na Ajia. Nilipohamishiwa tawi la Koboko, ambako Mkurugenzi naye alihamia, ndipo nikabobea katika picha za kuunga. Ninyi vijana simu inawamalizia. Sisi tuliunga kwa jicho. Unasimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, unabana kitufe bila kuachia, inapiga mfululizo. Kisha kwenye kompyuta unazipandanisha picha, unakata mwili mmoja mmoja na kuuweka juu ya uwanja uleule. Uwanja unabaki mmoja, mrukaji anakuwa wengi. Stendi ikitikisika, kazi imeharibika.

Keji alikuwa msichana mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na kwa kuruka mbali hakuwa na mpinzani pale Koboko. Siku ya kuchagua timu ya kwenda Kampala aliruka kuwapita wote. Mwamuzi akainua bendera nyekundu, eti kidole kimevuka ubao wa kurukia. Upuuzi! Nilikuwa nimechuchumaa sambamba na ubao huo. Nikakimbilia studio, nikaunga na kuchapisha: Keji watano, kutoka ubaoni hadi mchangani, na yule wa kwanza kiatu chake kiko nyuma ya mstari, hata kipofu angekiona.

Rufaa ilisikilizwa siku hiyohiyo. Kadi haikuruhusiwa kutoka nje ya studio ila ndani ya kamera ya kazi, kwa hiyo nikamwekea Mkurugenzi mezani.

"Bosi, hii usiguse. Iko na kesi ya mtoto ya watu."

"Sawa, nasikia," alisema.

Mwenyekiti wa rufaa aliitazama picha yangu kwa makini. "Picha nzuri, lakini hii imeungwa. Niletee ile moja ya ubaoni, kama ilivyotoka kwenye kamera."

Hakukosea. Picha ya kuunga imepangwa na mkono wa mtu. Hata mimi ningeikataa. Nikapanda boda kurudi studio. Kadi haikuwepo mezani, ilikuwa imepelekwa harusini.

"Umefuta?"

"Nimefuta, na kwa kompyuta pia, imebaki ile ya kuunga tu. Picha si imetoka? Sheria iko sheria."

Nilimtukana. Maneno yale hayaandikiki, na sijutii hata moja. Timu ikaondoka bila Keji. Halafu huyo bwana, bila haya wala soni, akaichapisha kubwa picha ileile ya kuunga na kuitundika juu ya mlango ivute wateja. Miaka yote iliyobaki nilipita chini yake kila asubuhi, maana watoto wangu walikula kwa kazi hiyo.

Watu wananiambia hasira haimfai mstaafu. Mimi inanifaa. Kuwa na picha ya mtu ni kushika amana yake, na amana haifutwi bila kumwuliza mwenyewe. Hilo sikuhitaji kufundishwa na studio.

Juzi nilimkuta Keji amesimama mbele ya mlango ule, mtoto mgongoni, anaitazama.

"Mzee, hapa mimi iko tano," alisema. "Hata moja haikwenda Kampala."

Nikaingia ndani, nikamwambia Mkurugenzi aishushe. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Wacha hiyo, mzee. Inaleta watu."

Nikavuta kiti cha wateja hadi mlangoni, nikakipanda na magoti yangu haya mabovu, nikaing'oa. Keji akaipokea chini, akaikunja, akaondoka nayo.

Nasikia Mkurugenzi anataka kunishtaki. Na anishtaki.