Maman Niliyemlainisha

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja, wakazi wa mtaa wetu wa Gihundwe hukaa kwenye majani kuzungumzia bomba la maji. Maman, mama yangu, alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kinyarwanda kilimshinda. Kiongozi wa mtaa alitoka Nyakabuye, Kiswahili hakukisikia, na majirani vilevile. Mimi, binti wa maman, nikawa mtafsiri.

Siku moja bomba lilikauka, maman akasimama. Hakupaza sauti. Alifumbata mikono, uso umetulia kama yuko misa, akamwambia kiongozi kwa Kiswahili cha kwao: "Batoto betu banakunywa matope, na wewe unamwagia maua maji. Hauna haya?" Kisha akaninong'oneza: "Umuambie bile nasema, usipunguze."

Nilipunguza. Niliogopa majirani watatuchukia, nikasema kwa Kinyarwanda kwamba maman anaomba tufikiriwe, ikiwezekana. Wakapiga makofi. Maman akaketi akijua amewaweza.

Sasa amefariki. Jumamosi iliyopita bomba lilikuwa limekauka tena. Kiongozi akauliza nani ana neno, na watu wazima wote wakainamia majembe yao. Ndipo jirani mmoja akanigeukia kwa huruma.

"Tunamkosa maman yako," akasema. "Alikuwa mpole sana, hakuwahi kumkaripia mtu."

Wakaitikia wote kwa vichwa. Mpole! Mpole wa wapi? Nilitafuta kati yao hata mmoja wa kumkumbuka naye, maman yangu mkali ninayemlilia. Hakuna aliyewahi kumsikia. Nilimnyamazisha mimi, na makofi nikapigiwa.